Nikusindikize Mpaka kwa Mizani

Nafula wangu,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda kumuaga kukhu, nyanya yako, na najua hatakuachilia upesi. Atakushika mkono, atakuuliza utarudi lini, utamjibu, halafu atakuuliza tena. Kwa hivyo nina nafasi. Nimechukua kalamu yako ya buluu kwenye begi. Usiitafute, nitairudisha.

Zamani barua zetu zilianzanga kwa kuulizana hali: hujambo, mimi sijambo, hapa wote ni wazima. Hali yako naijua. Umekula viazi, ukaacha maganda juu ya meza kama kawaida yako, na nimeyaacha hapo hapo, sijui kwa nini, sijataka kuyatoa. Hali yangu ndiyo hujaambiwa. Ndiyo maana naandika.

Sitaandika mambo ya sweta. Sweta nimeshaiweka chini ya nguo zako ulipokuwa unaoga, pamoja na unga wa wimbi na simsim kidogo. Utaviona ukifika na utasema, "Mama naye!" Sema tu. Sitaandika mambo ya kufunga mlango, wala ya marafiki, wala ya kanisa. Hayo nimekuimbia tangu ukiwa mgongoni, na kama hayajaingia, karatasi haitayaingiza. Tena mwandiko wangu unaujua, unapandanga kama njia ya mlima. Darasa la tano ndilo lililonifikisha hapa. Nivumilie.

Nataka kusema juu ya yale maharagwe ya jana.

Tulikuwa tunachambua, nikakuuliza kazi yako mpya ni ya kufanya nini hasa, maana watu kanisani wananiuliza nami nasema tu, "Ni ya ofisi." Ukachukua bakuli. Ukasema, "Mama, hii ni nchi maskini. Ili watu wake waishi vizuri, bakuli lijae mpaka hapa juu. Shule, maji, hospitali, kuta za kuzuia mafuriko." Halafu ukatia ndani maharagwe kidogo, hata hayakufunika chini. "Na hii ndiyo pesa iliyo nayo. Kutoka hapa mpaka pale juu ndiyo tunaita pengo."

Nikakuambia, "Pengo nalijua. Babako alikuwa nalo hapa mbele." Ukacheka mpaka ukamwaga maharagwe. Nilifurahi kukuchekesha. Sijui nitamchekesha nani wiki ijayo.

Halafu nikakuona unatoa tena kutoka kwa yale machache yaliyokuwa ndani. Nikakuuliza, "Sasa hayo unatoa ya nini, na hayatoshi?" Ukasema, "Hiyo ni ya kulipa mikopo, Mama. Hiyo hutoka kwanza. Kabla ya dawa, kabla ya mwalimu."

Hapo nilielewa kuliko pote. Si ni kama miwa? Miwa inakaa shambani mpaka mtoto aliyezaliwa wakati wa kupanda anakimbia. Ikikatwa, inaondolewa pesa ya kulima, ya mbegu, ya mbolea, ya trekta la kubeba. Wewe mwenye shamba unapewa karatasi. Mwaka mmoja babako aliigeuza ile karatasi akaangalia nyuma, akidhani labda pesa zake zimeandikwa upande ule. Kumbe nchi nzima inaweza kuwa mkulima wa miwa. Nilikaa na hilo jambo nikaonea hizo nchi huruma kama mtu anavyoonea jirani.

Lakini lililonifanya niache kuchambua ni neno ulilosema mwisho. Ulisema mwezi ujao utatumwa nje ya nchi, kwa watu waliopigwa na kimbunga, ukae nao, uwaulize kilichopungua ni nini.

Wewe, Nafula. Utashuka kwenye gari jeupe. Na mama mmoja kama mimi atakuchinjia kuku.

Habari ya daraja letu unaijua, lakini unaijua kama mtoto anavyojua, kutoka chini ya meza. Wacha nikuambie kama mtu mkubwa.

Ulikuwa hujaanza shule wafadhili walipojenga ile wodi ya kujifungulia, ng'ambo ya mto, karibu na mizani ya miwa. Sisi akina mama tulibeba mchanga kwa kichwa. Tuliutoa kwenye mto huo huo, tukavuka nao kwa kukanyaga mawe, sketi tumezikunja, tunaimba. Ilikuwa kiangazi, na maji yalikuwa ya kulowesha vidole tu. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kikundi. Hawakunichagua kwa akili. Walinichagua kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na bati na viti vya kutosha.

Wodi ikaisha. Ikapakwa rangi. Vitanda vikaja, na taa za jua. Ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Kitu kimoja tu hakikuwa kwenye mpango wao, nacho ni mto. Mpango uliishia mlangoni mwa wodi. Namna ya kufika mlangoni, mvua zikija, haikuandikwa popote, kwa sababu waliokuja kupima walikujanga kwa gari, wakazunguka kwa barabara ya matrekta. Mto hawakuwahi kuuona ukiwa umekasirika.

Sisi tulijua. Kila mmoja wetu alijua. Ndipo ikasemwa wageni wanakuja kufungua wodi, na baada ya hapo watakula kwetu. Tukakutana kwa Rehema, jirani yetu, kupanga. Mumewe ndiye alikuwa achinje kuku, ili na wao, kwa kuwa ni Waislamu, wale bila shida. Rehema akauliza, maana unajua mdomo wake:

"Sasa haya mambo ya mto, tunawaambia saa ngapi?"

Nikasema, "Tukiwasindikiza."

"Si wakati wa kula?"

"Rehema! Mtu ana paja la kuku mkononi, wewe unamwambia shida? Si utakuwa unamuuzia kuku?"

Akina mama wote wakaniunga mkono. Na wewe unajua ndivyo tulivyo. Hata leo, mtu akija kukopa unga, atakaa, atanywa chai, atasifu ng'ombe, ataaga. Ukimtoa mpaka kwa njia ndipo atasimama, atang'oa jani, alipasue pasue, aseme, "Sasa, Mama Nafula..." Neno lenyewe linakaanga njiani. Nyumbani ni pa kula na kucheka tu.

Rehema akasema, "Na wakikataa kusindikizwa?"

"Mgeni gani anakataa kusindikizwa? Labda mwizi."

Tukacheka. Tukapanga kwamba wakimaliza kula tutashuka nao kwa miguu mpaka mtoni, tuwaonyeshe alama ya maji kwenye ukingo, ile iliyo juu ya kichwa cha mtu, halafu gari liwangoje ng'ambo. Hata maneno niliyafanyia mazoezi nikikama ng'ombe.

Siku ikafika. Walikuwa na mama mmoja mzungu mwembamba, mwenye kofia, na kijana wa kwetu huku Kenya, wa mjini, mpole, wa kutafsiri. Walikula vizuri. Yule mama alikula obusuma, ugali wetu, kwa mkono, ukamnawisha wewe mwenyewe kwa birika, ukamwagia maji viatu vyake. Kijana akafungua daftari lake akasema, "Mama mwenyekiti, mgeni anauliza, je, kuna kitu chochote kilichopungua?"

Watu wote wakaniangalia. Kuku yuko mezani. Nikasema, "Hakuna. Tuko sawa kabisa. Muongezeni mchuzi."

Nilisema hivyo kwa heshima, Nafula. Nilijua neno liko njiani linatungoja.

Tulipotoka nje, gari lilikuwa limeshaingia mpaka mlangoni, limegeuzwa, linanguruma. Hakuna aliyemwambia dereva. Tulipanga kuku, tukapanga viti, tukapanga nyimbo, na hakuna aliyemwambia dereva. Yule mama akatushika mikono, akaingia, mlango ukafungwa. Rehema alikuwa ameshika jogoo wa kumpa mgeni njiani. Akakimbia nyuma ya gari, jogoo kwapani, akiita, "Ngojeni! Bado! Hatujasema!" Wakadhani anawaaga. Wakampungia. Na sisi, kwa sababu tumefunzwa adabu, tukawapungia pia.

Kila mtu huwa anacheka hapo. Hata mimi nilicheka siku ile.

Mvua za mwaka uliofuata zikanikuta na tumbo kubwa. Wewe ulikuwa darasa la kwanza. Babako alikuwa Eldoret, mlinzi wa ghala. Alinipigia simu akauliza, "Nasikia huko kunanyesha vibaya. Nije?" Alikuwa na wasiwasi, nilisikia kwa sauti. Na mimi nilimtaka aje. Nilimtaka hata nikashika ukuta. Lakini nikaona atafutwa kazi, nikasema, "La, kaa tu. Tuko sawa."

Siku mbaya ilianza asubuhi, na uchungu. Nilitoka na shuka begani, na Rehema alikuwa amenishika kiuno. Tulipofika mtoni, hakukuwa na mawe. Kulikuwa na maji mekundu tu, yakibeba mashina ya migomba. Na ng'ambo nikaona bati la wodi. Nilimwona muuguzi akitoka nje, akasimama barazani na koti lake jeupe, akatupungia mikono yote miwili kwamba turudi, tusijaribu. Tulikuwa karibu hivyo, mpaka nikaona nywele zake zimesukwa.

Tukazunguka kwa barabara ya matrekta, tumepanda trela la miwa. Trekta likazama kwenye tope. Mdogo wako alizaliwa juu ya trela, kwenye majani ya miwa, na hakulia. Hayo yanatosha. Siwezi kuyaandika mengi na wewe usingetaka niyaandike.

Babako alikuja kwa mazishi. Hakunigombeza. Alikaa kwa kile kiti cha kamba, akaniangalia, akaniuliza kwa upole sana, "Mbona hukusema?"

Na wewe ulikuja ukasimama kwa goti langu ukauliza, "Mama, uko sawa?" Nikasema, "Niko sawa." Ukauliza tena kesho yake. Nikasema vile vile. Halafu ukaacha kuuliza, na mimi nikaona heri, mtoto amesahau. Nilikosea hapo kuliko hata siku ile ya kuku. Hukusahau chochote. Ulijifunza tu jinsi ya kujibu.

Wale wageni walirudi. Waliona kwenye vitabu vya wodi kwamba miezi ya mvua hakuna mama anayekuja, wakashangaa, kwani huku watu hawazai mvua ikinyesha? Wakaja kuuliza. Tukawapa chai. Safari hii Rehema hakupanga na mtu. Alitoka kabla ya chai kuisha, akaenda kukaa katikati ya njia, mbele ya gari, na kikapu chake, kama anauza nyanya. Dereva akapiga honi.

Rehema akamwambia, "Piga mpaka uchoke. Mgeni wetu hapakiwi mlangoni kama mgonjwa. Atatembea, tutamsindikiza, wewe zunguka ukamngoje kwa mizani."

"Mama, tuna haraka."

"Hata sisi tulikuwa na haraka."

Kijana alimtafsiria yule mama wa kofia, sijui alitafsiri vipi, nikamwona mama amemwangalia Rehema, ameniangalia mimi, ameweka chini mkoba wake. Tukatembea naye. Tulipoanza kushuka, mdomo wangu ulifunguka wenyewe, maana sasa tulikuwa njiani. Nilimwambia yote. Nilimwonyesha alama ya maji. Nilimwonyesha nilipokuwa nimesimama, na pale muuguzi alipokuwa amesimama.

Halafu akauliza, na kijana akatafsiri akiangalia viatu vyake, "Mbona hamkusema siku ile?"

Swali lile lile la babako, kwa lugha nyingine.

Nikamjibu, "Mlipanda gari." Kijana akasema polepole, kwa Kiswahili, kwangu mimi tu, "Mama, tuliandika vile ulivyotuambia." Alikuwa na haki. Hakuna mtu wa kulaumu hapo peke yake. Mimi nilikuwa na heshima, wao walikuwa na haraka, na katikati yetu maji yakapita.

Kitu kimoja nampendea yule mama mpaka leo. Hakuniambia "tutaona." Alisema, "Pesa za mradi huu zimeisha. Sina ya daraja. Nitakuombea kwingine, lakini leo sina." Nililia pale mtoni, lakini nililia vizuri, kama mtu aliyeambiwa ukweli. Jana nilipotaja daraja ulinikatiza ukasema, "Mama, si aibu ya watu tu inayoleta pengo. Hata wakisema yote, pesa zenyewe ni chache." Nakubali. Niliona kwa macho. Yeye alisikia yote na bado hakuwa nayo. Miaka ilipita. Ofisi moja ikasema daraja ni la wafadhili, nyingine ikasema daraja si kazi ya wafadhili. Wewe ukamaliza shule ya msingi ukivuka kwa magogo, na mimi nikikaa ukingoni mpaka nione kichwa chako kimefika juu upande wa pili.

Daraja la chuma lilipokuja, lilikuja vile unavyolijua, na vyuma vya kushikilia upande mmoja tu. Fundi alisema bajeti iliishia hapo, upande wa pili utawekwa baadaye. Baadaye haijafika. Sisi tumeshazoea. Tunapita tukishika upande mmoja. Watoto wanapita upande wa chuma, wakubwa wanapita upande wa hewa. Na hata hivyo, tangu siku hiyo, hakuna mama wa upande huu aliyejifungua kwenye trela. Nawaonanga wakipita na mabeseni yao, naenda nyuma ya nyumba kidogo, narudi.

Sasa wewe ndiye utakuwa na kofia. Mimi sijui mambo makubwa ya hizo pesa, zinatoka wapi, nani anakatalia nani. Ninachojua ni hiki tu nilichokalia miaka yote. Huko unakoenda, ukiuliza watu mezani kama kuna kilichopungua, watakuambia hakuna. Wala hawatakuwa wanakudanganya. Watakuwa wanakulisha. Kula, sifu mchuzi, halafu umwambie dereva atangulie. Tembea nao. Nenda wakati wa mvua kama wakubwa wako watakuruhusu, na kama hawataruhusu, uulize maji hufika wapi. Na kama huna, sema huna. Utaona vigumu. Wewe una huruma kama babako, utataka kusema "tutaona" ili watu wasihuzunike. Usiseme.

Ninajua pia utakuwa mpweke huko, jioni, kwa vyumba vya wageni. Na hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu ya ile homa.

Ndiyo, najua habari ya ile homa. Ulipokuwa chuoni, ulilala kitandani wiki nzima na ulikuwa huna hata wa kukuchemshia uji, na kila jioni nikikupigia ulikuwa unasema, "Niko sawa Mama, ni usingizi tu." Binti ya Rehema ndiye aliyeniambia, tena baada ya mwaka. Sikukugombeza. Nilienda shambani nikapalilia mahali palipokuwa pameshapaliliwa. Niliisikia sauti yangu ndani ya mdomo wako. Nilikufunza vizuri kweli.

Basi wacha nianze mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeanza.

Siko sawa, Nafula.

Nimeliandika, nimeliangalia, na halijaniua.

Tangu barua yako ya kazi ilipokuja nimekuwa nikijizoeza. Siku ile ulipolala kwa kukhu nilijaribu kusonga obusuma ya mtu mmoja. Ilinishinda. Mkono unajua unga wa watu wawili, tangu babako afariki unajua wa watu wawili, na sasa unaambiwa upunguze tena. Ilibaki nusu, nikawapa kuku. Nikawasha redio ili kuwe na mtu anaongea. Alikuwa anaongea habari za mpira, nikamwacha aendelee. Nikagundua nimeweka vikombe viwili. Sikukirudisha kile kingine. Nilikinywea pia, ili kisikae bure.

Sikuambii haya ili usiende. Ukibaki nitakufukuza kwa fimbo ya ng'ombe, unanijua. Nimekulilia ada, nimekuombea hiyo kazi mpaka magoti yakaota ngozi ngumu. Nenda. Ninakuambia kwa sababu kesho, kama nisipoandika, najua kitakachotokea. Gari la mjomba wako Wangatia litaingia mpaka mlangoni. Utanikumbatia. Utaniuliza, "Mama, utakuwa sawa?" Nitasema, "Niko sawa kabisa, umechukua chaja?" Mlango utafungwa. Na mimi nitapunga mkono vizuri sana, kwa adabu.

Kwa hivyo safari hii nimemwambia dereva.

Nimempigia Wangatia nilipomaliza kukama. Nikamwambia asije hapa, angoje ng'ambo, kwa mizani ya miwa.

Akasema, "Dada, si niingie tu mpaka nyumbani? Barabara ni nzuri siku hizi."

"Ngoja kwa mizani."

"Na mabegi?"

"Kwani sisi hatuna vichwa?"

"Na mvua ikinyesha?"

"Tutalowa. Wewe ngoja, usipige honi, na usiulize kwa nini tumechelewa."

Akasema, "Sawa, Dada. Kusindikiza ni kusindikiza." Kumbe alielewa.

Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha kulia, ili usiweze kutoka bila kuisoma. Sasa nasikia mbwa wa jirani wanabweka, labda ni wewe unarudi kutoka kwa kukhu. Tutakula, nitakusifu, nitakuuliza kama umeaga vizuri, nitacheka. Ukiiona mapema, usiniulize kitu chochote jioni hii. Mezani nitasema uongo, ndivyo nilivyo.

Kesho tutashuka pamoja. Begi kubwa ni langu, usibishane. Tukishapita kwa Rehema, atatoka na maneno yake, mwache aseme. Halafu tutabaki sisi wawili na ile njia. Hapo usiniulize kama niko sawa. Niulize nimepungukiwa na nini, kama utakavyowauliza wale wa kimbunga, na unyamaze, ungoje, hata nikianza kuchuma majani. Nitakuambia moja moja. Mengine huna, utaniambia huna, nami nitakubali. Nami nitakuuliza vivyo hivyo, na wewe hutasema ni usingizi tu.

Na tukifika darajani kuna jambo moja la kwanza nitakuomba, naliandika hapa nisije nikalimeza. Tangu daraja lije nimekupitisha upande wa chuma, na mimi nikapita upande wa hewa, nikikuambia siogopi. Nilikuwa naogopa kila siku.

Kesho, mwanangu, upande wa chuma niachie mimi.

Mama yako